Rangi Iliyotulia

Shangazi yangu anawachagulia watu rangi za magari, na hiyo ndiyo kazi iliyomjengea nyumba. Nikisema hivyo watu hucheka. Wanadhani rangi ya gari mtu hujichagulia mwenyewe, kama anavyochagua soksi. Natamani ningewaleta siku moja kwenye ukumbi wetu wa mauzo, wamwone mwanamume mzima, mwenye kampuni na walinzi, akitokwa na jasho mbele ya vipande viwili vya ngozi, kimoja cheusi na kingine cheusi zaidi.

Tunauza magari ya spoti, yale ya viti viwili, ya chini chini, ambayo mtu akitaka kuingia lazima ajikunje kwanza. Hayaji yakiwa tayari. Mteja huchagua rangi ya nje, ya viti, ya dashibodi, ya mikanda, ya kapeti, mpaka ya uzi wa kushonea viti, ndipo kiwanda kianze kazi. Ukishatia sahihi na kiwanda kikapokea, basi. Gari litakuja kama lilivyoagizwa, upende usipende. Mimi niko upande wa nyuma, stoo ya vipuri, na napenda niseme wazi kwamba huko ndiko kwenye kazi ya akili timamu. Kipuri kina namba. Ama kinaingia, ama hakiingii, na hakina haja ya kubembelezwa.

Shangazi ni dada yake baba, na ndiye aliyeniingiza kazini. Tunaishi pamoja, mimi na yeye, tukigombania redio asubuhi na kupatana kwenye chai. Pale kazini kila mtu anamwita Bi Rangi, kuanzia meneja mpaka mlinzi wa getini. Hakuolewa. Ukimwuliza kwa nini, atakuambia hajamwona bado mwanamume ambaye ndani na nje vinalingana.

Ana taratibu zake, na hazibadilishi kwa ajili ya mtu. Kwanza, haanzi na rangi ya nje. Mteja anaweza kuja na nyekundu yake kichwani, ameiota miaka na miaka, lakini Shangazi atamwuliza kama atakuwa anakaa juu ya boneti. Kisha anamfungulia sanduku la ngozi. Rangi ya nje, anasema, mwenye gari anaiona wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, muda wote uliobaki anawafurahisha wapita njia. Cha kumtazama yeye usoni kila siku ni cha ndani.

Pili, lazima amwone atakayekaa kiti cha pili. Gari lina viti viwili tu, kwa hiyo huyo wa pili si abiria, ni nusu ya gari. Asipokuja, chaguo halifungwi. Kuna bwana mmoja aliwahi kuja na mke wake, wakakubaliana krimu. Siku chache baadaye akarudi na mwingine kabisa, mdogo zaidi, kwa ajili ya kiti kilekile. Shangazi aliwakaribisha vizuri, akawapa chai, kisha akamwuliza bwana kwa upole kama gari sasa limekuwa la viti vitatu. Hatukumwona tena, na meneja alinuna siku nyingi.

Tatu, hachagui rangi ndani ya ukumbi. Taa za mle ndani, anasema, zimefungwa na watu wanaotaka kuuza. Anabeba vipande vyake mpaka uani, kwenye meza iliyoegemea ukuta, nusu juani na nusu kivulini, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Rangi za kiwanda zina namba kwa nyuma na majina marefu ya kigeni ambayo hakuna anayeyakumbuka, kwa hiyo yeye huzipa majina yake. Kuna majivu ya jikoni. Kuna chai ya maziwa, na ukuta wa shule, na wino. Mteja akisikia hucheka, lakini akifika nyumbani anamwambia mkewe wameamua majivu ya jikoni, na mkewe anaelewa.

Na katika mambo ya rangi hamwulizi mtu maoni, mimi hasa. Tangu nikiwa mdogo nikisema kitu ni chekundu ananiuliza nyekundu gani. Nikikosa jibu anawaambia waliopo kwamba mtoto huyu ana macho ya kuonea njia tu. Nilizoea. Kila familia ina mtu wa kuchekwa, kwetu nilikuwa mimi.

Mambo yalianza kuharibika nyumbani, na yalianza kidogo kidogo. Shangazi alikuwa akilalamika kwamba balbu za siku hizi hazina mwanga. Alibadilisha za sebuleni zote, akaweka kali mpaka mimi nikawa nakula nimekunja uso, naye bado akasema giza. Kisha akaanza ugomvi na sabuni ya kufulia. Shuka nyeupe, kwa maneno yake, zilikuwa zikitoka kwenye maji zina rangi ya mahindi. Alizirudia, akaziloweka, akabadilisha sabuni, akamlaumu mwenye duka. Mimi nilikuwa naziona nyeupe pe. Asubuhi moja akatoka na kiatu cheusi mguu wa kulia na cha bluu mguu wa kushoto, na nilipomwonyesha alisema amefanya makusudi.

Nikamwambia aende akapimwe macho. Nilimwambia vibaya, maana sina ulimi wa kupaka mafuta, nikasema siku hizi naishi na kipofu mbishi. Alinikata jicho. "Macho haya unayoyatukana," akasema, "ndiyo yaliyokulea." Hatukusemeshana mpaka chai ya jioni, na suala la hospitali likafa hapo.

Kazini hakuna aliyegundua, na sababu yake ni rahisi. Vipande vya zamani alivijua kwa moyo. Alijua kila kimoja kinakaa wapi kwenye sanduku, kina ulaini gani kidoleni, hata harufu. Angeweza kuchagua amefumba macho, na sasa najua kwamba kwa kiasi fulani ndicho alichokuwa anafanya. Kisha kiwanda kikaleta toleo jipya la gari, na pamoja nalo sanduku jipya la rangi ambazo hakuwahi kuziona. Hizo hakuwa na kumbukumbu nazo. Hizo alizitazama kwa macho aliyokuwa nayo.

Hapo ndipo alipokuja Mama Sare.

Huyu mama alikuwa fundi cherehani aliyeanzia barazani na kuishia na karakana nzima ya kushona sare za shule. Ukimwona mtoto yeyote anapita na sketi ya kijivu au kaptula ya bluu iliyoiva, kuna uwezekano mkubwa imepita mikononi mwake. Alikuwa amechoka, magoti yanamsumbua, akaiuza karakana. Watoto wake walitarajia ajenge vyumba vya kupangisha. Yeye akasema anataka gari la spoti. Miaka yote alikuwa ameendesha gari la mizigo lililojaa marobota ya vitambaa, na sasa alitaka gari lisiloweza kubeba kitu. Alimwambia Shangazi siku ya kwanza kwamba hili ndilo la kwanza kujinunulia na ndilo la mwisho.

Wa kiti cha pili alikuwa binti yake wa kwanza, mwajiriwa wa benki, msichana mwenye adabu na sauti ya kufunga mjadala. Kwa kuwa ameshindwa kumzuia mama yake asinunue, alikuja kuhakikisha anunue kwa heshima. Kijivu nje, nyeusi ndani. Mtu wa umri wa mama, alisema, hafai kugeuzwa kichekesho barabarani. Na Mama Sare kila alipoulizwa alijibu sawa. Kijivu? Sawa. Nyeusi? Sawa. Uzi wa kijivu? Sawa, mwanangu.

Hiyo sawa ilimkosesha Shangazi raha. Wakati wa chakula hakusema kitu kingine. "Yule mama amezoea kuuliza shule inataka rangi gani," aliniambia. "Yeye mwenyewe hajaulizwa. Nikimpa kijivu nimemshonea sare." Aliwaita warudi, akaahidi kwamba atatafuta kitu katikati, chenye uhai kidogo wa kumfurahisha mama, na kilichotulia kiasi cha kumnyamazisha binti.

Siku waliporudi mimi nilikuwa napita uani na boksi la pedi za breki, nikasimama nyuma yao kidogo. Migongo yao ilinizuia nisione mezani, lakini niliwasikia. Shangazi alikuwa ameweka kibati kidogo cha rangi ya nje na kipande cha ngozi cha ndani, vyote kutoka sanduku jipya. Akavitaja kwa raha kabisa. Cha nje kilikuwa wingu la mvua. Cha ndani kilikuwa chungu cha udongo. "Ni rangi zilizotulia," alisema. "Hakuna atakayegeuza shingo."

Binti alikichukua kile kibati, akakigeuza huku na huku. Akamtazama Shangazi, akakitazama tena. Akafungua mdomo, akaufunga. Mwishowe akasema kwamba labda gari likiwa kubwa rangi inakaa hivyo. Mama Sare alikuwa ameinama akitafuta kitu mkobani, na alikitafuta kwa muda mrefu sana kwa mkoba mdogo kama ule. Alipoinuka akasema sawa. Jioni Shangazi aliniambia kwamba sawa hii ilikuwa tofauti na zile, na alikuwa na furaha iliyomfanya aniachie redio.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Shangazi akanimiminia chai mkononi. Si kikombeni, mkononi, na ilikuwa imetoka jikoni. Nilipiga yowe. Yeye alibaki ameshika birika, anatazama mahali alipodhani kikombe kipo, na uso wake uliniumiza kuliko mkono. Safari hii sikumtukana, na yeye hakubisha. Tulikwenda hospitali tukiwa wagonjwa wawili.

Daktari wa macho hakuhitaji muda. Mtoto wa jicho, macho yote, na amekomaa. Akatueleza kwamba kile kioo kidogo kilichomo ndani ya jicho kimezeeka na kugeuka rangi, kuanzia njano mpaka kahawia, na mtu anakuwa anatazama dunia nzima kupitia hapo bila kujua. Bluu inapotea kwanza, alisema. Kali zinapoa. Vyote vinaonekana vimetulia. Sikuyatilia maanani maneno hayo. Shangazi aliyasikia, nadhani, maana njia nzima ya kurudi hakutoa sauti.

Walimfanyia upasuaji jicho moja, kisha la pili. Siku ya kufunguliwa bandeji ya mwisho alimwuliza muuguzi wamepaka lini ukuta wa wodi. Muuguzi akasema haujapakwa tangu aanze kazi. Nyumbani alizishika shuka moja moja, akanituma nikamwombe radhi mwenye duka kuhusu sabuni. Alilishangaa gauni langu, akaniuliza bluu ile nimeitoa wapi, gauni nililokuwa nalivaa kila wiki mbele yake. Kisha akaingia bafuni na hakutoka. Nilipomfuata nilimkuta ameketi kwenye ukingo, ameikumbatia ndoo ya plastiki ya bluu, analia. Nilicheka, halafu nikaona si jambo la kucheka, nikakaa naye.

Siku aliyorudi kazini alipokewa kwa makofi. Mimi nilirudi stoo. Haukupita muda mrefu mlinzi akaja kuniita, akasema Bi Rangi yuko uani na hajisikii vizuri.

Nilimkuta mezani pake. Sanduku jipya lilikuwa wazi, na mbele yake vimelala kibati na kipande cha ngozi. Wingu la mvua lilikuwa urujuani, urujuani mkali wenye kumetameta, unaokufuata ukisogea. Chungu cha udongo kilikuwa rangi ya machungwa, ya ndani ya papai lililoiva. Vimewekwa pamoja vilikuwa vinapigana. Sikuhitaji macho ya mtaalamu kuona hivyo, haya yangu ya kuonea njia yalitosha.

"Nimemvika mama wa watu nguo ya mwanasarakasi," Shangazi akasema.

Alikwenda kwa meneja moja kwa moja, mimi nyuma. Meneja alisikiliza, akajikuna kidevu. Gari lilikuwa limeshapakwa, limeshashonwa viti, limeshapakiwa. Haliwezi kubadilishwa. Kwa upande wake hakuona tatizo, kwa kuwa mteja ametazama kwa macho yake, ametia sahihi kwa mkono wake, na binti wa benki alikuwepo. Shangazi akamwuliza kama yeye meneja aliiona ile oda kabla haijatumwa. Aliiona. Fundi mkuu aliiona. Msichana wa mapokezi aliiona na kuionyesha wenzake. Walishangaa kidogo, meneja alisema, wakadhani Bi Rangi ameamua kwenda na wakati.

"Na hakuna aliyeniuliza?"

Meneja alitabasamu kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. Nani angemwambia Bi Rangi kuhusu rangi?

Hilo nadhani lilimuuma kuliko kosa lenyewe. Miaka yote alifurahia kwamba hakuna anayembishia, na sasa hicho ndicho alichokuwa anavuna. Jioni tuligombana. Mimi nilisema anyamaze. Nilisema mteja si mtoto, ameona alichonunua, na kama hakipendi alaumu kalamu yake. Nilisema pia kwamba akijitangaza mwenyewe kuwa alikuwa kipofu, kila mwenye gari aliyemhudumia siku za karibuni atakuja mlangoni. Yeye aliniacha nimalize. Kisha akaniambia alichoamua. Atamwambia Mama Sare ukweli kabla kitambaa hakijaondolewa juu ya gari. Na Mama Sare akisema amedhulumiwa, yeye atamkabidhi meneja funguo za masanduku siku hiyohiyo, na hatarudi.

"Yule mama alikuja na kitu kimoja cha kujipendezesha katika maisha yake yote," akasema, "akaniletea mimi. Nikakiharibu huku najisifu. Sasa nitamwambiaje mtu mwingine aniamini?"

Nilikasirika, nikaenda kulala bila kula. Hasira yangu, nikiitazama leo, ilikuwa woga mtupu. Sikuwahi kumwona Shangazi bila ile kazi. Sikujua angekuwa nani, akiamka asubuhi asiwe na mtu wa kumwuliza nyekundu gani.

Siku za kungoja gari hakumchagulia mtu. Wateja aliwapeleka kwa vijana wa mauzo, wakachaguliwa chini ya taa, nyeusi na nyeusi. Yeye alikaa uani na masanduku yake, ya zamani na jipya, anatoa kipande, anakitazama, anakirudisha. Majina hakuyatamka.

Gari likafika. Kwa kawaida yetu linasafishwa, linawekwa katikati ya ukumbi na kufunikwa kitambaa cheupe, na mwenyewe ndiye anayekivuta. Siku hiyo wafanyakazi wengi walijikuta na shughuli karibu na ukumbi. Mimi nilikuja na boksi lile la pedi za breki, ambalo halikuwa linakwenda popote. Mama Sare aliingia amevaa gauni la kijivu lenye kola nyeupe, kazi ya mikono yake, mshono umenyooka ajabu. Binti alikuwa na koti la kijivu vilevile.

Shangazi akasimama kati yao na gari. Hakuzunguka. Alisema kwamba siku ile ya meza ya uani macho yake yalikuwa mabovu na yeye hakutaka kukubali. Akasema alichokiita wingu la mvua si wingu, na alichokiita udongo si udongo, na kwamba chini ya kitambaa kile kuna rangi ambazo yeye, angeziona, asingemwonyesha mtu wa umri wake na binti yake pembeni. "Nilikuambia zimetulia," alisema. "Hazijatulia. Kosa ni langu peke yangu, mama, na lolote utakaloamua nitalikubali."

Meneja alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Sare alimtazama Shangazi, halafu akacheka kidogo puani, kicheko cha mtu aliyeshikwa.

"Bi Rangi," akasema, "mimi nimeshika vitambaa tangu sijavunja ungo. Unadhani urujuani nikiuona sitaujua?"

Shangazi aligeuka akakitazama kitambaa.

"Nilikiona kile kibati tangu kilipotoka sandukuni. Moyo ulinidunda. Nikawa nangoja wewe useme hii inapiga kelele, tuiache, ili nami niiache, kama nilivyoacha nyingine zote. Maana kila rangi niliyowahi kuipenda kuna mtu aliniambia inapiga kelele. Mama yangu, marehemu mume wangu, huyu hapa." Alimwonyesha binti kwa kidevu, bila ubaya. "Wewe ukasema imetulia. Na mwanangu akakuamini. Mimi sikukuamini hata chembe. Niliingiza uso mkobani nisije nikacheka mkakumbuka kuangalia vizuri. Kwa hiyo kama kuna mtu hapa alimdanganya mwenzake, ni mimi niliyekudanganya wewe kwa kunyamaza."

"Mama," binti akasema, "kwa hiyo ulijua?"

"Na wewe ulijua. Una macho."

Binti alifungua mdomo vilevile kama siku ile, na vilevile akaufunga. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ambayo sikudhani anayo, kwamba yeye alidhani mtaalamu ameona kitu ambacho yeye hakioni.

Mama Sare hakungoja tena. Alikishika kitambaa kwa vidole viwili, kama fundi anavyoshika pindo, akakivuta. Sitaki kutia chumvi. Lilikuwa gari la urujuani lenye viti vya rangi ya papai, katikati ya ukumbi uliojaa magari ya kijivu, na nilijikuta nimeweka boksi chini. Mama Sare alifungua mlango, akapitisha kiganja juu ya kiti taratibu, akaukagua mshono kwa ukucha. Halafu akamgeukia Shangazi.

"Sasa niambie. Kwa macho yako mapya. Zimetulia?"

Shangazi alilizunguka gari lote. Alisimama mbele, akasimama ubavuni, akainama kutazama ndani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana daktari alimkataza kujisugua.

"Hapana, mama," akasema. "Hazijatulia hata kidogo."

"Asante," akasema Mama Sare.

Alijikunja, akaingia nyuma ya usukani, magoti yakalalamika akayakemea. Binti alibaki amesimama kando ya mlango wa pili, anatazama getini, upande wa barabara na watu wake. Nilidhani atakataa. Akalivua koti lake la kijivu, akalikunja vizuri, na kwa kuwa gari halikuwa na nafasi ya kuweka kitu akamkabidhi msichana wa mapokezi, akasema atalifuata kesho. Kisha akaingia. Walipotoka getini kila mtu barabarani aligeuza shingo, na mlinzi wetu akasahau kufunga geti.

Funguo za masanduku zilibaki mfukoni mwa Shangazi. Meneja alijaribu kumpongeza, Shangazi akamtolea uvivu, akamwambia siku nyingine akiona kitu cha ajabu kwenye oda aulize, hata kama aliyeandika ni malaika. Kisha akaniita uani. Nilimfuata nikijua nitasimangwa kwa kuacha stoo wazi.

Alikuwa amefungua sanduku jipya. Akaniambia nikae, upande wa mteja. Akatoa kipande cha ngozi, akakiweka mbele yangu, nusu juani na nusu kivulini, na akauondoa mkono wake haraka.

"Unaona nini?"

"Nyekundu," nikasema, nikajikaza kungoja lile swali lake.

Hakuliuliza. Alinitazama kwa yale macho yake safi, akaonekana kama ana wasiwasi.

"Unaipenda?"

Nilitaka kumjibu kwamba mimi ni mtu wa vipuri, nina macho ya kuonea njia tu. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini niliona kwamba anangoja jibu kwa kweli, kwamba hakuna mzaha, na kwamba tangu nizaliwe hilo swali sikuwahi kuulizwa na mtu. Nikakitazama kile chekundu. Nikalitazama sanduku.

"Hapana, Shangazi," nikasema. "Naipenda ile ya papai."